Ameshinda au Amenunua?

Kwa vijana ninaokaa nao kila Jumamosi hapa Nyamirambo kuna tusi moja ambalo kwenye kamusi si tusi. Neno lenyewe ni "amenunua". Mtu akipita wengine kwenye gemu la magari, akafika mwisho wenzake bado wako kona ya tatu, hawasemi anajua kuendesha. Wanasema: "Ule hajashinda bana, amenunua." Maana yake ametia pesa ya kweli ndani ya gemu, akapata injini ya nguvu, tairi za bei, turbo na nitro, halafu akaja kupita watu wenye gari la bure. Na yule anayeshitakiwa naye hujibu palepale: pesa ni yangu, gemu limeruhusu, sasa wizi uko wapi?

Wanafikiri ugomvi huu umezaliwa na simu. Hapana. Una umri kuliko babu zao wengi, na ulipiganwa hapa hapa Afrika Mashariki, kwenye vumbi na matope, kabla kompyuta haijaingia nyumba ya mtu. Nimeona niandike historia yake kidogo, kwa sababu nimechoka kuwaamua kwa kupaza sauti tu.

Tuanze 1953. Mwaka ule Elizabeth wa Pili alitawazwa malkia wa Uingereza, na wazungu wenye magari Nairobi wakataka kusherehekea kwa mashindano. Bwana mmoja wao hakupenda mbio za kuzunguka uwanja mmoja kama punda wa kinu. Alitaka kuendesha mbali, katika barabara za kweli. Ndipo ikazaliwa Coronation Safari, iliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika kuanzia mwisho wa mwezi wa tano. Barabara nyingi zilikuwa za udongo. Mvua ikinyesha, udongo ule mweusi unakuwa sabuni.

Sasa waandaaji walikuwa na swali lile lile la vijana wangu. Mmoja anakuja na gari dogo, mwingine anakuja na gari kubwa la kifahari. Unawapimaje pamoja? Kawaida Ulaya ilikuwa kupanga magari kwa ukubwa wa injini. Wale wa Nairobi walifanya kitu kingine: waliyapanga kwa bei. Bei ya dukani, ile ambayo mtu wa kawaida angelipa akienda kununua gari pale mjini. Na gari lilitakiwa liwe kama linavyotoka dukani. Basi mwenye gari la bei ndogo alishindana na wenzake wa bei ndogo. Mwaka ule wa kwanza hata hawakumtangaza mshindi mmoja wa jumla. Kila daraja lilikuwa na wake. Ila watu walihesabu wenyewe pointi za adhabu, wakaona aliyefanya vizuri kuliko wote ni Alan Dix, ndani ya Volkswagen ya mgongo wa kobe. Gari la daraja la chini kabisa.

Mimi naipenda sana sheria ile. Ilisema wazi kitu ambacho gemu nyingi za leo zinakificha: kwamba pesa ni sehemu ya mwendo, kwa hiyo tuipime kama tunavyopima mwendo.

Lakini tusiimbe sifa haraka. Ilikuwa 1953. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari tangu mwezi wa kumi 1952, Wakikuyu wanakamatwa, watu wanafungiwa kambini. Mwafrika wa kawaida hakuwa na gari la daraja A wala la daraja lolote; yeye alisimama kando ya barabara akitazama, au aliitwa kusukuma gari likikwama. Usawa ule ulipimwa kati ya watu ambao tayari walikuwa ndani ya geti. Nataka msomaji ashike hilo, hasa msomaji wa kambini. Sisi tunajua kupangwa katika madaraja. Tangu 2021 msaada wa chakula katika kambi za Rwanda unatolewa kwa makundi ya uhitaji, na kila familia inajua iko kundi gani, na kila familia ina maoni yake juu ya kundi la jirani. Mtu anayepanga madaraja ana kazi ngumu, simlaumu. Ila swali la nani yuko nje ya daraja zote, hilo huwa halipo katika fomu.

Mashindano yakakua. Mwaka 1960 jina likawa East African Safari. Viwanda vya Ulaya na Japani vikaona: gari likimaliza Safari, mteja yeyote atalinunua. Na kumaliza kulikuwa shida. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu. Mwaka 1968, saba tena. Na mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404, gari ambalo wazee wetu wanalijua kwa kubeba abiria na magunia. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh, fundi wa Kenya, pamoja na ndugu yake Jaswant. Walitumia Volvo iliyokuwa imeshatumiwa na timu ya kiwanda, yaani gari la mkono wa pili. Madereva wa kutoka nje walikuja na pesa nyingi za viwanda, wakarudi kwao bila ushindi, mwaka hadi mwaka. Mpaka 1972 hakuna dereva wa kutoka nje aliyeshinda Safari. Wa kwanza ni Hannu Mikkola wa Finland, akiwa na Ford Escort.

Nikiwaambia vijana hii wanafurahi: kumbe kujua njia kunashinda pesa! Ni kweli, kwa muda fulani.

Mtu ninayempenda zaidi katika hadithi hii anaitwa Shekhar Mehta. Alizaliwa Uganda, familia ya Kihindi yenye jina katika biashara ya sukari. Mwezi wa nane 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, akawapa siku 90. Familia ya Mehta nayo ikaacha, yeye akahamia Kenya. Mwaka uliofuata tu, 1973, Safari iliingia kwenye ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza, na Mehta akaishinda na Datsun 240Z. Alifungana pointi na Harry Källström wa Sweden, mtu wa timu hiyo hiyo ya Datsun, mpaka ikabidi sheria ya kuvunja sare itumike. Baadaye akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara tano zote. Kisha akawa kiongozi wa tume ya mbio za rali katika FIA, shirika la dunia la magari. Mtu aliyefukuzwa nchini kwake kwa siku 90 akaja kukaa kwenye meza inayoandika sheria za haki ya mashindano. Wenye kutufundisha ujasiriamali wakija tena na mifano ya Silicon Valley, naomba wamkumbuke na huyu.

Tusidanganyane hata hivyo: Mehta hakuwa maskini, na Datsun hawakumpa gari bovu.

Miaka ya 80 na 90 pesa ilipata njia nyingine ya kuingia. Magari yalikaguliwa, uzito ukapimwa, injini ikapimwa. Basi timu kubwa zikaleta helikopta. Helikopta inaruka mbele ya gari, mtu wa juu anaongea kwa redio: kuna ng'ombe, kuna lori, mto umejaa, pita kushoto. Dereva wa Nairobi mwenye gari lake mwenyewe yeye alikutana na ng'ombe kwa macho. Magari yote mawili yaweza kuwa sawa chini ya boneti, lakini mmoja anaendesha akiwa na macho angani. Ukitazama matokeo ya 1993 utaona Toyota imechukua nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Mwaka huo huo Patrick Njiru wa Kenya alimaliza wa 12 na Subaru Vivio, kigari cha injini ya sentimita za ujazo 660, kidogo kuliko injini za pikipiki nyingine. Nani alifanya kazi kubwa? Kwa kanuni ya 1953 jibu lingekuwa tofauti na la kwenye kombe.

Kumbuka helikopta hiyo, nitairudia.

Wakubwa wa FIA nao walijaribu. Kwa magari ya Group A walisema: gari la mashindano lazima litokane na gari linalouzwa kwa watu, liwe limetengenezwa angalau 5000. Turbo ikawekewa kizuizi cha hewa, kila injini ipumue kwa tundu moja la kipimo kimoja. Mwaka 1995, kwenye mashindano ya Catalunya, wakaguzi wakafungua turbo za Toyota Celica wakakuta kizuizi kimechezewa kwa ustadi mkubwa: injini ikiwa inafanya kazi hewa inapita pembeni, ukikifungua kukikagua kinajirudisha chenyewe kama hakuna kitu. Toyota ikafutiwa pointi na kufungiwa miezi 12. Hiyo ndiyo "amenunua" ya kweli, tena kwa siri. Mwaka huo huo watoto wa Ulaya na Japani walikuwa wakitia sarafu katika mashine za Sega Rally kuendesha Celica hiyo hiyo. Kwenye mashine ile kila mtu alilipa sarafu moja na kupata gari moja. Kwenye mchezo wa kuigiza kulikuwa na usawa kuliko kwenye barabara.

Hapa ndipo tunaingia kwenye gemu zenyewe.

Gran Turismo ya kwanza ilitoka Japani mwezi wa 12, 1997. Mchezaji alianza na kredi 10,000, hela ya kununua gari kuukuu la mkono wa pili. Ukishinda unapata hela, unanunua moshi mpya, unanunua turbo, unapunguza uzito. Kuapgredi gari kulikuwa malipo ya jasho. Ulicheza mwenyewe sebuleni, na hela ile haikuwahi kugusa mfuko wa mzazi baada ya siku ya kununua diski. Wachezaji wengi wa umri mkubwa wanakumbuka enzi ile kama vile wazee wetu wanavyokumbuka bei za zamani.

Intaneti ilipokuja, gari lako la jasho likakutana na gari la jasho la mwingine, na tatizo la 1953 likarudi. Kila kampuni ikajibu kivyake. Waliotengeneza Trackmania Nations, 2006, walitoa gemu bure na kumpa kila mtu gari lile lile, hakuna la kununua, na magari hayagongani. Linaonekana tu kama kivuli, unashindana na saa. Gran Turismo Sport ya 2017 kwenye mashindano yake rasmi ilichukua njia ya kusawazisha: gari lenye nguvu linapunguzwa nguvu, zito linapunguzwa uzito, na marekebisho yako ya gereji yanafungwa. Ligi zile zilibeba hata jina la FIA. Mimi nikicheza mashindano, hiyo ndiyo njia ninayoipendelea, ingawa inachosha. Kila mara kuna mtu analalamika kwamba gari lake limepunguzwa zaidi.

Kwenye simu njia ikawa nyingine kabisa. Real Racing 3 ilitoka 2013, bure kupakua. Bure, sawa, lakini ilipotoka gari likiumia ulisubiri litengenezwe, saa ya kweli, au ulilipa dhahabu ya gemu usisubiri. Asphalt 9 ya 2018 inakupa gari kwa vipande vya michoro, na vipande vingi viko ndani ya maboksi ya bahati. Unaweza kufungua maboksi mpaka usingizi ukuchukue, kipande unachotaka hakitoki. Mwaka huo huo tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji ilisema baadhi ya maboksi ya namna hiyo kwenye gemu ni kamari. Na hata Gran Turismo yenyewe, toleo la 7, mwezi wa tatu 2022 ilipunguza zawadi za mbio huku magari ya kifahari yakiuzwa kwa pesa ya kweli. Wachezaji wakapiga kelele dunia nzima mpaka mkubwa wake, Kazunori Yamauchi, akaomba radhi na kila aliyeathirika akapewa kredi milioni moja.

Angalia tofauti. Nairobi walipima pesa ili kuiwekea ukuta. Simu inapima pesa ili kuifungulia mlango. Gemu la bure linakuhitaji wewe usiyelipa. Usipokuwepo, aliyelipa atampita nani? Sisi ni wale wa kando ya barabara, tofauti ni kwamba sasa tumewekwa ndani ya mbio.

Na haya si mambo ya mbali na Kigali. Tarehe 13 mwezi wa 12, 2024, FIA ilifanya mkutano wake mkuu hapa mjini, na Rais Kagame akatangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa Formula 1. Max Verstappen alikuja kuchukua kombe lake la nne la dunia. Kabla ya sherehe alikuwa na adhabu ya kutumikia: alitukana kwenye mkutano wa waandishi Singapore, akapewa kazi ya kijamii, akaifanya hapa na vijana wa klabu ya magari ya Rwanda. Waliendesha kigari cha cross car kilichotengenezwa hapa hapa nchini kwa michoro ya FIA, mpango wa kupata gari la mbio ambalo klabu ndogo inaweza kumudu. Na Formula 1 yenyewe, yenye pesa kuliko wote, tangu 2021 imeweka dari ya matumizi, dola milioni 145 kwa mwaka ule wa kwanza, na timu ya Verstappen, Red Bull, ilitozwa faini ya dola milioni 7 kwa kuivuka. Matajiri wakubwa wa mchezo wamekubali kwamba bila dari mchezo unakufa. Kijana wa miaka 14 na simu yake hana dari.

Nirudi sasa kwetu, maana likizo iliyopita ilibidi tuamue. Tuliandaa mashindano ya vijana 16, wengine wakimbizi wa mjini, wengine wamekuja likizo kutoka Mahama, wachache Wanyarwanda wa mtaa. Gemu silitaji. Siku ya majaribio, kijana mmoja aliwaacha wote. Kaka yake yuko Australia, humtumia kadi za kununulia vitu. Wakaanza wimbo wao: amenunua, amenunua. Akanyamaza, halafu akasema kitu kilichonikaa moyoni: "Yaya, kaka yangu anafanya kazi ya usiku kule. Pesa yake si ya wizi." Na ni kweli. Nusu ya watu wanaosoma ukurasa huu wanakula, wanalipa kodi ya nyumba au ada kwa pesa ya namna hiyo. Kumwita mwizi ni kutukana usiku wa kaka yake.

Lakini kulikuwa na dada mmoja wa Mahama, anaendesha vizuri kuliko karibu wote, simu yake inapata moto baada ya dakika kumi. Yeye alitoa jina lake. Hakulia, hakugombana. "Mimi siwezi kushindana na Australia," akasema, akaenda kukaa nje.

Tulibishana karibu saa mbili. Mmoja alitaka madaraja ya bei kama Safari, nikafurahi, kumbe alikuwa amesikiliza. Ikashindikana: tungejuaje nani ametia kiasi gani? Mtu hawezi kuonyesha risiti za ndugu yake mbele ya watu, na kumlazimisha ni aibu. Mwisho wakakubali kila mtu aanze na akaunti mpya, gari la kwanza la bure, hakuna kununua, hakuna boksi. Sawa ya Trackmania.

Halafu dada yule aliyekuwa nje akaingia akauliza: na simu? Na mega? Hapo ndipo helikopta ikarudi. Gari likiwa moja, mwenye simu mpya anaona kona mapema, picha haikwami. Mwenye intaneti nzuri haoni magari ya wenzake yakirukaruka. Wenzangu wa mashirika mnaosoma hapa, mkileta zawadi za mashindano, fulana na kombe la plastiki, asanteni. Lakini tulichohitaji siku ile kilikuwa simu nne zinazofanana na mtandao mmoja. Tulipata nne zisizofanana, za kituo na za watu wenye moyo.

Kuna aliyesema hata hivyo si haki, kwa sababu wa Australia amecheza mwaka mzima na magari makali, anazijua njia zote kichwani. Hapo nilikataa. Alichojifunza ni chake, kama Joginder Singh alivyozijua barabara za Kenya, hata kama pesa ndiyo iliyompa muda wa kujifunza. Wengine mpaka leo hawajakubaliana nami, na tunaendelea kubishana.

Dada alirudisha jina lake. Simu zinapangwa kwa kura na zinabadilishana kila raundi. Namba tatu ina kioo kinachokwama upande wa kushoto, na kila mmoja, hata bingwa, lazima aendeshe nayo mara moja.